UZI: Njia za kunasa vitu ambavyo mizizi humwaga kwenye udongo, na pale kila njia inapokupotosha

Mzizi_Mrefu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Swali moja limekuwa likinifikia faraghani mara kwa mara kutoka kwa vijana wanaoanza utafiti wa mizizi: "Nitumie njia gani kukusanya vitu vinavyotolewa na mizizi?" Nimeona nilete hapa tulijadili wote, kwa sababu jibu la mstari mmoja halipo, na anayelipokea hivyo huishia kupoteza msimu mzima.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mzizi haunyonyi tu. Unamwaga sukari, amino asidi, asidi za kikaboni kama sitriki, maliki na oksaliki, fenoli, vimeng'enya, ute unaoilainishia ncha njia, hata seli nzima zinazobanduka kwenye kofia ya mzizi. Vyote hivyo nitaviita vitolewa, ili tusirefushe maneno. Mwaka 1904 Mjerumani Lorenz Hiltner ndiye aliyeuita ule udongo mwembamba unaoathiriwa na mzizi kwa jina la rizosfia. Ni eneo la milimita chache tu kutoka kwenye ngozi ya mzizi, na hadi leo linatusumbua kulipima.

Linatusumbua kwa sababu hakuna anayepima kile mzizi ulichotoa. Tunapima kilichobaki baada ya wadai watatu kuchukua chao. Mdai wa kwanza ni vijidudu: glukosi ikidondoka kwenye udongo hai, nusu yake inaweza kuliwa ndani ya saa moja au chache. Wa pili ni mzizi wenyewe, maana utando wa seli zake una vibebaji vinavyorudisha ndani sukari na amino asidi zilizokwisha kutoka. Wa tatu ni udongo: asidi ya sitriki inashikwa kwa nguvu na oksaidi za chuma na aluminiamu, ilhali glukosi karibu haishikwi kabisa. Kwa hiyo ukichagua njia, umechagua ni mdai yupi umzuie na yupi umwachie. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata.

Njia inayotumika zaidi ni ya maji. Mmea unaoteshwa kwenye haidroponiki, yaani kwenye maji yenye virutubisho bila udongo, au unaoteshwa udongoni kisha unatolewa na kuoshwa, halafu mizizi inatumbukizwa kwenye mmumunyo safi kwa saa chache. Inapofanywa na mkono uliozoea, inapendeza kuitazama. Chungu chote kinalowekwa kwenye beseni hadi udongo uachie wenyewe, hakuna kuvuta. Mche unainuliwa kwa shina, mizizi imening'inia kama ndevu zenye matope, inachovywa, inainuliwa, inachovywa tena, maji yanabadilishwa mara tatu, mara nne, mpaka chembe za mwisho zilizong'ang'ania vinyweleo zidondoke. Kisha mizizi inaingia kwenye bika iliyozungushiwa foili isipigwe na mwanga, majani yanabaki juu kwenye taa. Saa mbili baadaye unatoa mmumunyo ulio maangavu kabisa, ungedhani hauna kitu.

Mimi nilipoanza nilitumia maji yaliyoondolewa madini yote, nikiamini usafi ndio kila kitu. Nikapata amino asidi nyingi ajabu, nikafurahi kwa miezi mitatu. Utando wa seli bila kalsiamu hulegea na kuvuja, na maji matupu yanauongezea mzizi mshtuko. Nilikuwa nimepima mizizi iliyoumia. Data zote za msimu ule niliziweka kando, na iliniuma sana. Tangu hapo natumia kloridi ya kalsiamu ya milimola 0.5, naacha mizizi ipumzike kwanza baada ya kuoshwa, mmumunyo wa mwanzo nautupa, ndipo naanza kuhesabu saa. Na kila mara natenga mizizi michache niipake ile rangi ya buluu inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Mizizi ikigeuka buluu, siku hiyo sina sampuli.

Karibuni tuchangie.

Chipukizi_wa_Maabara

Shikamoo mkuu, na asante kwa uzi huu. Nina swali. Msimamizi wangu amenishauri nikusanye kwa saa 24 ili nipate vitu vingi vya kutosha kupima. Wewe umesema saa mbili. Kuna ubaya gani nikiacha usiku kucha?

Mzizi_Mrefu

Marahaba. Ubaya upo, na unatokana na wale wadai wawili wa mwanzo. Maji yaliyotulia yakishakuwa na sukari kiasi, mzizi unairudisha ndani karibu kwa kasi ileile unayoitoa, kwa hiyo kiwango kinapanda kisha kinasimama. Kuongeza saa hakuongezi kitu. Wakati huohuo bakteria waliobaki kwenye ngozi ya mzizi wanazaliana. Kufika asubuhi unapima vitolewa vya mizizi, mabaki ya mlo wa bakteria na vitu vya bakteria wenyewe, na huna namna ya kuvitenganisha. Ukitaka kingi, ongeza idadi ya mimea au badilisha mmumunyo kila baada ya muda mfupi, kisha changanya na ukaushe kwa kugandisha. Chuja kwa chujio la mikromita 0.22 palepale, gandisha palepale.

Halafu kuna suala la saa ya siku, ambalo wengi hulipuuza. Shayiri ikikosa chuma hutoa asidi za jamii ya mugineiki, zinazokwenda kukamata chuma udongoni na kukirudisha mzizini. Mwanasayansi wa Japani, Takagi, aliripoti mwaka 1976 kwamba mizizi ya nafaka kama shayiri pori (oti) na mpunga hutoa vitu vinavyokamata chuma. Mmea hauzitoi mchana kutwa. Zinamwagwa kwa wingi saa chache za asubuhi baada ya jua kuchomoza, kisha zinashuka. Anayekusanya alasiri anaweza kuandika kwamba shayiri yake haitoi kitu, na akawa hajakosea kupima, ila kachelewa kufika.

Zungumza na msimamizi wako kwa heshima. Mwombe ufanye jaribio dogo la saa 1, 2, 4, 8 na 24 kwa mimea michache. Mchoro utazungumza wenyewe.

Udongo_Kwanza

Mleta uzi nakuheshimu, lakini hapa lazima niseme. Mzizi wa kwenye maji si mzizi wa kwenye udongo. Vinyweleo vinaota vingine, ncha haikutani na ugumu wowote, hewa ni tofauti, na hakuna ile jumuiya ya vijidudu ambayo yenyewe huuchochea mzizi utoe zaidi. Na huo mmea wako uliooshwa umetoka kwenye mshtuko mkubwa kuliko wowote utakaoupata maishani. Tunaandika kurasa na kurasa kuhusu rizosfia kwa kutumia mizizi ambayo haijawahi kuiona chembe ya mfinyanzi. Kwangu mimi hili ni jambo zito.

Njia za udongoni zipo. Kuna kumwagia chungu maji taratibu na kukusanya yanayotoka chini. Kuna sanduku la mizizi: kisanduku chembamba chenye kioo upande mmoja, unakilaza kwa mshazari wa digrii kama 45, mizizi inafuata kioo kwa sababu ya mvutano wa dunia, na kioo unakifunika kisipate mwanga. Siku ya kazi unafungua kioo na kuweka kipande cha karatasi ya chujio au utando unaonasa asidi juu ya ncha unayoitaka, dakika chache tu. Au unachomeka vile virija vidogo vya kufyonza, vinene kama risasi ya penseli, milimita moja kutoka kwenye mzizi, kingine milimita tano, kingine kumi. Hapo unapata picha ya jinsi vitu vinavyopungua kadiri unavyoachana na mzizi. Bika haitakupa hiyo hata siku moja.

Lupini nyeupe, mmea wa jamii ya kunde, ni mfano mzuri. Ikikosa fosforasi huotesha vishada vya mizizi midogo vilivyofanana na brashi ya kuoshea chupa, na kila kishada humwaga asidi ya sitriki kwa siku chache tu za ukomavu wake, kisha kinanyamaza. Ukiusukumia mzizi wote kwenye bika moja, kishada kinachomwaga na kile kilichokwisha vinachanganyika, na jambo lenyewe linalofanya mmea huu uwe wa ajabu linapotea kwenye wastani.

Mzizi_Mrefu

Udongo_Kwanza, nakubaliana nawe karibu kila neno, na mfano wa lupini ningeuleta mwenyewe. Lakini yale maji yanayotoka chini ya chungu, ni ya nani? Yana vitolewa vya mizizi, vya vijidudu, na mboji iliyoyeyuka. Wengi huweka chungu kisicho na mmea ili watoe tofauti. Shida ni kwamba vijidudu vya chungu kile hawakulishwa na mzizi, kwa hiyo hawafanani na wa chungu chenye mmea. Hiyo hesabu ya kutoa haitoi tunachodhani.

Wenye kutaka katikati hutumia mchanga safi au gololi ndogo za kioo. Mzizi unakutana na ugumu, na kuosha ni rahisi.

Kwa swali la "ni kaboni kiasi gani inatoka kwenye jani kwenda udongoni", naona njia bora ni kuitia kaboni alama. Mmea unafungiwa kwenye chemba angavu isiyovuja hewa, unapewa kaboni dayoksaidi yenye kaboni-13 au kaboni-14, kisha unaifuatilia: jani, shina, mzizi, udongo, pumzi ya udongo. Ndani ya saa chache alama inatokea chini, na udongo haujaguswa. Kaboni-14 inaonekana hata ikiwa kidogo sana, lakini ni ya mionzi, nusu uhai wake ni miaka kama 5,730, kwa hiyo inataka kibali na chumba chake. Kaboni-13 haina mionzi, ila tayari ipo kwenye kila kitu kwa kiwango cha asilimia 1.1 hivi, kwa hiyo lazima alama yako izidi hapo. Na hata njia hii ina pazia lake. Kaboni dayoksaidi inayotoka udongoni ni pumzi ya mzizi pamoja na pumzi ya vijidudu waliokula vitolewa, na kuzitenganisha ni kazi ambayo watu wameifanya kwa miaka mingi bila kuafikiana.

Agari_na_Rangi

Wakuu, si kila mtu ana mashine kubwa. Naomba niongelee njia ambayo ilinifanya niipende fani hii.

Unayeyusha agari nyepesi (ile jeli ya maabara itokanayo na mwani), chini kidogo ya asilimia 1, unaitia rangi ya bromokresoli ya zambarau na kuirekebisha pH ifike karibu 6. Unaisubiri ipoe hadi iwe vuguvugu mkononi, ndipo unaimwaga taratibu juu ya mizizi iliyolazwa kwenye sahani. Kisha unakaa na kutazama. Kwa dakika kama ishirini hakuna kitu. Halafu nyuma kidogo ya ncha rangi inaanza kubadilika, wingu dogo la manjano, linatanuka, linaufuata mzizi kama soksi. Mmea uliolishwa amonia unaleta manjano, maana mzizi unatoa protoni, yaani ayoni za haidrojeni zinazoleta uasidi. Ndugu yake aliyelishwa naitreti anaiacha agari ikolee zambarau. Mimea miwili ya mbegu moja, sahani mbili, rangi mbili. Nilimwita kila mtu aje aone.

Lakini nitoe tahadhari, maana kosa hili naliona hata kwenye maandishi ya watu wazoefu: manjano yale ni protoni, si asidi ya sitriki. Mzizi hutoa sitriki ikiwa katika umbo la ayoni hasi, na pH inaweza kubadilika bila sitriki yoyote kutoka. Kwa asidi za kikaboni kuna agari nyingine, ile ya aluminiamu iliyoshikana na rangi nyekundu. Pale sitriki au maliki inapoikamata aluminiamu, wekundu unafifia. Hiyo ndiyo ya kutazama ngano zinazostahimili udongo wenye aluminiamu: ncha zao hutoa asidi ya maliki, na jeni ya mlango unaoipitisha, ALMT1, ilitambuliwa mwaka 2004.

Jicho_la_Nuru

Nyongeza ya haraka kwa waliotaja sanduku la mizizi. Vimeng'enya navyo vinaonekana. Unaloweka utando kwenye kemikali ambayo ikikatwa na kimeng'enya inatoa nuru chini ya taa ya urujuanimno, unaulaza juu ya mizizi, unapiga picha. Fosfatasi, kimeng'enya kinachoachilia fosforasi, inachora mzizi mzima kwenye giza. Ila usiseme yote ni ya mmea. Fosfatasi ya pH ya asidi hutolewa na mizizi na vijidudu pia, ile ya alkali ni ya vijidudu. Pima zote mbili, ndipo uongee.

Kiduha_Adui

Mimi nipo upande wa magugu. Kuna mtu anaweza kueleza kwa nini kemikali inayoamsha mbegu za kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, ilichukua muda mrefu kupatikana? Na je, mashine za kisasa zinaiona moja kwa moja?

Mzizi_Mrefu

Hili nalipenda sana. Kemikali ya kwanza ya kundi hilo, ambalo sasa huitwa strigolaktoni, ni strigoli; ilitengwa mwaka 1966 kutoka kwenye majimaji ya mizizi ya pamba, na pamba wala haishambuliwi na kiduha. Ugumu ulikuwa kiasi: mizizi huzitoa kidogo mno, na zinavunjika upesi, hasa pH ikipanda. Kipimo kilichofanya kazi kilikuwa mbegu ya kiduha yenyewe. Unailoweka kwenye unyevu na joto kwa siku kumi hivi, unaitonea tone la sampuli, unahesabu zilizoota. Mbegu ile, ndogo kama vumbi, huhisi kiwango ambacho hata mashine nzuri hukihisi kwa taabu.

Swali lililobaki kwa miaka lilikuwa: mmea unatoaje kitu kinachomwita adui yake? Jibu lilifika mwaka 2005, ilipoonekana kwamba strigolaktoni huifanya mikoriza, yaani kuvu rafiki wa mizizi, itanue matawi yake na kumfikia mmea. Mmea ulikuwa unamwita rafiki, kiduha akajifunza kusikiliza. Ndiyo maana mmea wenye njaa ya fosforasi huzitoa zaidi. Kwa hiyo mkuu, ukienda kuzikusanya usiupe mmea fosforasi ya kutosha, utakosa. Mashine za kromatografia ya majimaji zenye spektrometa ya masi zinaziona, ndiyo, lakini sampuli uipitishe kwanza kwenye safu ya kunasa ili uikusanye na kuiondolea chumvi. Chumvi ya mmumunyo wa virutubisho huifunika ishara kabisa. Na usiiache mbegu: mashine itakuambia ipo molekuli gani, mbegu itakuambia kama inaamsha.

Udongo_Kwanza

Nikumbushe jambo moja ambalo kila anayeanza alijue. Mwaka 2003 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai kwamba gugu moja lililovamia Marekani Kaskazini huua majirani zake kwa kutoa katekini kwenye mizizi. Ilisomwa kila mahali. Watafiti wengine walipokwenda kuitafuta katekini hiyo udongoni, hawakukuta viwango vilivyoripotiwa. Mwaka 2010 makala iliondolewa. Mimi kila nikisoma "mmea huu unatoa sumu" nauliza kwanza: kiasi gani, kimepimwa wapi, na kinakaa udongoni muda gani? Kemikali inayoua mche kwenye sahani ya kioo haijathibitisha lolote shambani mpaka ionekane pale, kwa kiwango kile.

Pipeti_Ndogo

Nichangie upande wa hesabu maana ndiko wengi tunakoharibu. Tuseme umekusanya kwenye mililita 50 kwa saa 3, mizizi ikikauka ina gramu 0.4, na mashine imesoma sitriki mikromola 24. Mikromola 24 mara lita 0.05 ni mikromoli 1.2. Gawa kwa 0.4, gawa kwa 3, unapata mikromoli 1 kwa gramu ya mzizi mkavu kwa saa. Andika hivyo. Usiandike "mikromola 24" peke yake, maana mtu mwenye bika kubwa atapata namba nyingine kwa mmea uleule.

Lakini hata gramu ina mtego wake. Vitolewa vingi hutoka karibu na ncha. Mmea mkubwa wenye mizizi minene ya zamani utaonekana mvivu kwa sababu tu umegawanya kwa uzito wa mizizi isiyotoa kitu. Mimi huandika kwa gramu, kwa urefu wa mzizi, na kwa mmea, zote tatu, msomaji achague.

Chipukizi_wa_Maabara

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimefanya lile jaribio la saa tofauti. Sukari ilipanda hadi saa ya nne, ikakaa palepale, na kwenye saa 24 ilikuwa imeshuka! Msimamizi ameuangalia mchoro, akakaa nao, akaniambia tutumie saa mbili.

Ila nina tatizo jipya. Sampuli yangu tupu, ile bika isiyo na mmea, nayo ina kaboni. Si kidogo, ni kama theluthi ya ile ya mimea. Bika nimeziosha kwa asidi, kalsiamu ni mpya, maji nimeyapima yenyewe yapo safi. Nimechanganyikiwa.

Mzizi_Mrefu

Hongera sana kwa kuweka sampuli tupu, wengi hawaiweki na hawajui wamebeba nini. Maji umeyapima kabla ya kuchuja au baada?

Chipukizi_wa_Maabara

Kabla.

Mzizi_Mrefu

Basi angalia chujio. Utando wa machujio mengi huja na gliserini au kilainishi kingine cha kiwandani, na vyote hivyo ni kaboni. Chukua chujio jipya, pitisha maji safi mililita 10, pima. Pitisha 10 nyingine, pima. Endelea mpaka isishuke tena. Ukishaijua namba hiyo, suuza kila chujio kwa kiasi hicho kabla sampuli haijagusa, na mililita ya kwanza ya sampuli yenyewe imwage.

Chipukizi_wa_Maabara

Mililita 10 za kwanza: kaboni imejaa. Za pili: nusu. Za tano: sawasawa na maji. Ni chujio, mkuu. Naanza upya Jumatatu, saa mbili baada ya taa kuwaka.